Furaha Isiyongoja Mavuno

Dominika ya Tatu ya Majilio, Mwaka A
Masomo: Isa 35:1-6a, 10, Yak 5:7-10, Mt 11:2-11



Dominika ya leo ina jina lake la pekee. Tangu zamani huitwa Dominika ya Gaudete, yaani Dominika ya Furaha, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza la antifona ya mwanzo katika lugha ya Kilatini. Antifona hiyo imetolewa katika barua ya Mtume Paulo kwa Wafilipi, sura ya nne, pale anapowahimiza waamini wafurahi katika Bwana nyakati zote, kwa kuwa Bwana yu karibu. Ndiyo maana leo padre anaruhusiwa kuliweka kando vazi la zambarau na kuvaa rangi ya waridi, jambo linalofanyika mara mbili tu katika mwaka mzima wa liturujia. Altare inaruhusiwa kupambwa, na mshumaa wa tatu umewashwa. Mama Kanisa, akiwa katikati ya kipindi cha kungoja, anatuambia: furahini.

Hapa kwetu Mbalizi habari ya kungoja si ngeni. Fika stendi katika siku hizi za Desemba uone. Wazazi wanangoja mabasi yanayotoka Dar es Salaam, kwa maana watoto wao waliokwenda kutafuta maisha wanarudi nyumbani kwa Noeli. Wapo wanaongoja magari ya kwenda Umalila, na wengine ya kwenda Galula na Mkwajuni. Madereva wa malori yaendayo Tunduma wanangoja zamu yao, na vijana wa bodaboda wanangoja abiria. Basi linapofika na mtoto akashuka, mama hupiga vigelegele mbele ya watu wote bila kuona haya. Hiyo ni furaha ya kweli, na Mungu ameibariki.

Lakini katika stendi hiyohiyo wapo pia wanaopita wameinamisha vichwa, kwa sababu yule waliyekuwa wakimngoja mwaka jana hawamngoji tena. Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu tunaufahamu ule mteremko wa Iwambi, na tunajua ni familia ngapi zimeletewa habari mbaya kutoka pale. Wapo waliouguza mwaka mzima. Wapo wenye madeni. Wapo ambao mtoto wao yuko hai na ana afya, lakini ameapa kwamba hatakanyaga tena nyumbani kwa baba yake. Je, hao nao wanaagizwa wafurahi leo? Na kama wanaagizwa, hiyo furaha waitoe wapi?

Swali hilo sikulitunga mimi, wapendwa. Niliulizwa, na nililijibu vibaya. Nipeni nafasi niwasimulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuadhimisha Misa katika kigango kimoja huko juu Umalila. Ilikuwa Dominika kama hii ya leo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, njia ilikuwa tope tupu, nami nilifika nimechelewa. Nilihubiri juu ya furaha. Nakumbuka kwamba nilihubiri vizuri, maana nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza asili ya neno Gaudete, nikaeleza rangi ya waridi, na watu walinisikiliza kwa utulivu. Baada ya Misa, wakati wengine wakisalimiana nje, mama mmoja alisimama peke yake karibu na ukuta, akangoja hadi watu wapungue. Kisha alikuja, akapiga magoti kidogo kwa heshima ya kwetu, akasema, “Padre, shikamoo. Nimeyasikia uliyotufundisha. Nina swali moja tu. Hiyo furaha uliyotuagiza leo, mimi niende kuichukua wapi?”

Nikamwuliza ana tatizo gani. Akaniambia kwamba mumewe alizikwa mwezi wa Oktoba. Ana watoto wanne. Majirani wote wamekwisha kupanda, nao mahindi yao yameanza kuonyesha majani, lakini shamba lake bado ni majani matupu, kwa kuwa wakati wa kulima alikuwa matangani na baada ya matanga hakuwa na nguvu. Kisha aliteremsha sauti akaongeza jambo zito zaidi: ndugu wa marehemu walikuwa wakisema kwamba kifo kile hakikuwa cha Mungu, bali kilitoka ndani ya nyumba. Mnaelewa maana ya maneno hayo, nanyi mnajua ni mambo gani yanaweza kumpata mjane ambaye maneno hayo yameanza kusemwa juu yake. Tangu siku maneno yalipoanza, watu walikuwa wameacha kupita uani kwake.

Nami nikamjibu nini? Nilimwambia, “Mama, mtumaini Mungu, yeye atakufariji.” Nikambariki, nikapanda gari. Lile neno lilikuwa kweli, lakini kinywani mwangu siku ile lilikuwa jiwe aliloletewa mtu aliyeomba mkate. Alisema, “Asante, Padre,” akaondoka. Nilimtazama akishuka njiani, na moyo wangu ulinihukumu njia nzima hadi nyumbani.

Wapendwa wasikilizaji, tuliache jambo hili hapo kwa muda, tuifungue Injili ya leo. Yafaa tuone kwamba katika Dominika hii ya furaha Mama Kanisa anatupeleka mahali ambapo hatukutegemea. Anatupeleka gerezani. Yohane Mbatizaji amefungwa na Herode Antipa kwa sababu alimwambia ukweli kuhusu ndoa yake. Mwanahistoria wa Kiyahudi aitwaye Yosefo Flavio ameandika kwamba gereza hilo lilikuwa katika ngome ya Makaeru, mashariki ya Bahari ya Chumvi, katika nchi kavu. Yohane alizoea kuishi jangwani chini ya mbingu iliyo wazi. Sasa amezungukwa na kuta. Tena si Yohane peke yake aliye kifungoni. Paulo naye, aliyetuandikia yale maneno ya furaha ambayo yameipa Dominika hii jina lake, aliiandika barua kwa Wafilipi akiwa katika minyororo, bila kujua kama atafunguliwa au atauawa. Mashahidi wetu wa furaha leo wametoka gerezani wote wawili.

Yohane anatuma wanafunzi wake kwa Yesu na swali. Anataka kujua kama Yesu ndiye yule anayekuja, au kama wanapaswa kumngoja mwingine. Swali hilo lilimtoka nani? Lilimtoka mtu aliyeruka kwa furaha tumboni mwa mama yake Elizabeti, mtu aliyembatiza Yesu katika mto Yordani. Alikuwa amehubiri juu ya shoka lililokwisha kuwekwa penye shina la miti, na juu ya moto utakaoteketeza makapi. Sasa amefungwa, na habari zinazomfikia ni kwamba Yesu anakula na wenye dhambi, anaponya wagonjwa, anazungumza na watu wadogo. Shoka halionekani. Herode bado yuko kwenye kiti chake. Mababa wa Kanisa wengine walisema kwamba Yohane aliuliza kwa ajili ya wanafunzi wake, si kwa ajili yake mwenyewe. Yawezekana. Lakini hata kama aliuliza kwa ajili yake mwenyewe, swali hilo halimwondolei utakatifu wake. Mtu mwenye imani anaweza kuuliza swali akiwa gizani. Tofauti yake na asiye na imani ni kwamba swali lake hulipeleka kwa Yesu mwenyewe, wala halipeleki kwingine.

Angalieni sasa Yesu anavyojibu. Hakumkemea Yohane. Hakumwambia kwamba anaona aibu kwa swali lake, wala hakumtumia wanafunzi wale warudi na maneno matupu ya faraja. Aliwaambia waende wakamwarifu yale wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, na maskini wanahubiriwa Habari Njema. Hizo ni kazi ambazo nabii Isaya alizitabiri katika somo la kwanza. Yohane, aliyeyajua maandiko ya manabii, alipewa alama anazoweza kuzitambua. Ni kana kwamba Yesu alimwambia: yale uliyoyangoja yameanza. Hayajaisha, na huko uliko hayajafika, lakini yameanza, na mashahidi ni hawa waliotumwa nawe.

Hapa, wapendwa, ndipo tunapokuta maana ya furaha ya Kikristo. Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mengi katika jambo hili. Tunayo raha, tunayo starehe, tunazo shangwe, tunayo furaha. Raha ni ya mwili. Ukiwa na njaa ukala, unapata raha. Starehe ni ya mwenye nafasi. Shangwe hupigwa na watu wengi, na ngoma ikinyamaza nazo hunyamaza. Yote hayo si dhambi kwa yenyewe, lakini yote hutegemea hali. Hali ikibadilika, yanaondoka. Furaha ya Kikristo hutegemea Mtu aliyekwisha kuja na ambaye yu karibu. Kwa sababu hiyo inaweza kukaa ndani ya mtu ambaye machozi yake hayajakauka. Inaweza kukaa hata gerezani.

Bara letu la Afrika lina mashahidi wa jambo hili. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo nchini Uganda, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kati yao alikuwamo Kizito, kijana mdogo aliyebatizwa na Karoli Lwanga mwenyewe siku chache tu kabla. Masimulizi ya wale walioshuhudia yanakubaliana kwamba vijana wale walikwenda wakiagana kwa uchangamfu na wakisali, hata wauaji wao wakashangaa. Furaha yao haikutokana na moto kuwa baridi. Moto ulikuwa moto. Bali walimjua Yule waliyekuwa wakimwendea. Papa Paulo wa Sita, aliyewatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, ndiye pia aliyeuandikia ulimwengu mzima waraka juu ya furaha ya Kikristo, tarehe 9 Mei 1975, akiuita kwa neno hilohilo tulilolisikia leo, yaani Gaudete in Domino.

Sasa tumsikilize mtakatifu Yakobo, kwa sababu somo lake linazungumza na sisi wakulima wa Nyanda za Juu Kusini kana kwamba limeandikwa Mbeya au Iringa. Anatuonyesha mkulima anayengoja mazao ya nchi yenye thamani, akivumilia mpaka apate mvua ya kwanza na ya mwisho. Katika nchi ya Palestina mvua ya kwanza hunyesha mwezi wa Oktoba na Novemba, nayo huilainisha ardhi ili watu walime na kupanda. Mvua ya mwisho hunyesha mwezi wa Machi na Aprili, nayo huijaza nafaka kabla ya mavuno. Mkulima hana amri juu ya mvua hizo mbili. Kwetu sisi msimu ni mmoja, tangu Novemba hadi Aprili au Mei, lakini jambo ni lilelile. Unapanda, unatazama juu, unangoja.

Lakini je, kungoja kwa mkulima ni kukaa bure? Hasha. Mkulima wa Ilembo au wa Makete anayengoja mvua amekwisha kuandaa shamba. Amechagua mbegu na kuzihifadhi juu ya moshi wa jiko zisiliwe na wadudu, hata katika ile miezi ambayo watoto walikuwa na njaa na mbegu zile zingeweza kuwa ugali. Mvua ikinyesha anapanda. Mahindi yakiota anapalilia. Nguruwe na nyani wakija anakesha. Kungoja kwake kuna jembe mkononi. Tena, mtazameni mkulima huyo asubuhi baada ya mvua nzuri ya kwanza. Ghala lake ni tupu. Mavuno yako mbali, miezi mitano au sita mbele, na katikati kuna Januari na Februari, miezi ya njaa. Hata hivyo anatoka nyumbani anaimba. Kwa nini anaimba, ilhali hana kitu? Anaimba kwa sababu mvua imekuja. Hiyo ndiyo furaha ya Majilio. Ni furaha isiyongoja mavuno ndipo ianze.

Yakobo anaongeza neno ambalo mara nyingi tunalipita haraka. Anatuonya tusinung'unikiane sisi kwa sisi, tusije tukahukumiwa, kwa maana mwamuzi amesimama mlangoni. Kwa nini analeta habari ya manung'uniko katikati ya habari ya mkulima na mvua? Kwa sababu shamba laweza kupata mvua yote na bado likaliwa na magugu. Parokia yaweza kuwa na kwaya nzuri, mapambo ya kupendeza na pango la Noeli lililojengwa kwa ustadi, lakini kama ndani ya jumuiya watu wanasemana, kama ndugu wawili hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, kama mjane anaogopwa kwa maneno yasiyo na ushahidi, furaha haitaota hapo. Magugu yameifunika.

Na sasa nirudi kwa yule mama.

Sikurudi kwenye kigango kile hadi mwezi wa Februari. Nilipofika, nilimtafuta kwa macho kanisani, nikamwona ameketi katikati ya akina mama wengine. Baada ya Misa nilimwita, nikataka kumwomba radhi. Yeye akanitangulia. Akasema, “Padre, lile swali langu, katekista alilijibu.” Nikamgeukia katekista nikamwuliza alijibu nini. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na elimu kubwa ya darasani. Akasema, “Padre, mimi sikujibu kitu. Niliuliza tu mbegu ziko wapi.”

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Katekista alikuwa amesimama karibu siku ile, akasikia swali la mama na akasikia jibu langu. Usiku hakulala vizuri. Jumatatu alfajiri alichukua jembe lake, akaenda kwa yule mjane peke yake, kwa njia kubwa, mchana kweupe, ili kila mtu amwone. Alijua anachokifanya. Kuingia uani kwa mtu aliyeanza kusemwa ni kujiweka wewe mwenyewe katika maneno hayo. Ndugu mmoja wa marehemu alimsimamisha njiani akamwuliza kama haogopi. Akajibu kwamba amebatizwa. Alifika, akasalimu, akauliza mbegu ziko wapi, akaanza kulima. Mkewe alimfuata saa mbili baadaye. Adhuhuri walikuwa watu watano. Jumanne walikuja kumi na wanne, karibu jumuiya nzima, na mmoja wao alileta mbolea nusu mfuko aliyokuwa ameibakiza kwa ajili ya viazi vyake. Jumatano shamba lilikuwa limepandwa.

Sitaki kuwadanganya, wapendwa. Walikuwa wamechelewa. Msimu ulikuwa umesonga mbele, na mavuno ya shamba lile hayakuwa mengi kama ya majirani. Mume hakufufuka. Wale ndugu hawakubadilika wote; mmoja tu ndiye aliyekuja baadaye kuomba msamaha. Nilimwuliza mama yule kama sasa anafurahi. Alifikiri kidogo, akaniambia, “Padre, usiku bado nalia. Lakini siku ile ya Jumanne, walipokuwa wote shambani, nilijikuta naimba, na wanangu wakanishangaa. Nikajua Mungu hajaniacha.”

Rudini sasa kwenye Injili. Yesu alisema: nendeni mkamwarifu Yohane yale mnayoyasikia na kuyaona. Mama yule aliyasikia maneno kutoka kwangu. Aliyaona matendo kutoka kwa katekista na jumuiya yake. Isaya alisema itieni nguvu mikono iliyo dhaifu na magoti yanayolegea. Mikono ya mjane ilikuwa imelegea, nayo ikatiwa nguvu na mikono ya watu kumi na wanne wenye majembe. Basi, mtu akikuuliza furaha ya Kikristo huchukuliwa wapi, mwambie hivi: chanzo chake ni Kristo aliye karibu, lakini mara nyingi humfikia mtu kwa miguu ya jirani.

Kwa hiyo sisi tulio mapadre na makatekista tujihadhari na jambo moja. Tusilitumie neno furaha kuwa kifuniko cha sufuria. Tusimwambie mwenye njaa afurahi ili tusisumbuliwe na njaa yake, wala tusisifu furaha ya maskini ili tupate kuusahau umaskini wao. Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya Furaha ya Injili wa tarehe 24 Novemba 2013, alikiri kwamba furaha iliyo nzuri kuliko zote alizoziona maishani aliiona kwa watu maskini sana. Lakini waraka huohuo unatudai tusikilize kilio chao na kuwahudumia. Mambo hayo mawili hayatengani.

Wapendwa wasikilizaji, zimebaki siku chache kabla ya Noeli. Naomba niwaachie mambo matatu ya kufanya, si mengi.

Kwanza, tupalilie. Kila mmoja wetu akapokee sakramenti ya kitubio kabla ya sikukuu, wala asingoje siku ya mkesha, wakati mapadre ni wachache na mistari ni mirefu. Na kabla ya kwenda kwa padre, aende kwanza kwa ndugu yake waliyekosana naye. Kama mpaka wa shamba ndio unaowatenganisha, ukae na wazee mmalize. Barua ya Yakobo inasema mwamuzi yuko mlangoni. Asikukute ukibishana.

Pili, tuwe na kiasi. Sikukuu ni sikukuu, nami sisemi watoto wasivae nguo mpya wala nyumba isichinje kuku. Lakini tunawajua akina baba ambao fedha ya kahawa au ya viazi huishia yote katika siku tatu. Ulanzi unapotiririka huko Iringa, na komoni inapopikwa kwetu Mbeya, na bia zinapopangwa mezani hapa Mbalizi, shangwe huwa kubwa. Kisha Januari inafika, mtoto hana sare wala madaftari, shamba halina mbolea ya kukuzia, na mama anahesabu madeni. Furaha inayomwachia mkeo machozi mwezi wa Januari haikuwa furaha ya Noeli. Kaeni pamoja, baba na mama, mpange matumizi kabla ya sikukuu, na fedha ya mbolea na ya shule muiweke kando kwanza.

Tatu, na hili nawaomba hasa makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Wiki hii, mtakapokutana kusali novena ya Noeli, ulizeni swali moja: katika jumuiya yetu ni nani ambaye mwaka huu hana mtu wa kumngoja? Yuko mzee anayeishi peke yake? Yuko mjane? Yuko mgonjwa ambaye watu wameacha kupita uani kwake? Yuko mfungwa ambaye familia yake inaona haya kumtembelea? Mkishamtambua, msimpelekee hotuba. Mwulizeni mbegu ziko wapi.

Na wewe unayenisikiliza leo ukiwa kitandani hospitalini, au ukiwa peke yako nyumbani, au ukiwa kifungoni kama Yohane, nawe una swali ambalo hujamwambia mtu: usilifiche. Litume kwa Yesu kama lilivyo. Yohane alituma swali lake, na Yesu, badala ya kukasirika, aligeuka akamsifu mbele ya makutano, akasema kwamba kati ya waliozaliwa na wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko yeye. Yohane mwenyewe hakuwapo kuisikia sifa hiyo. Alikuwa bado gerezani, akingoja majibu. Yawezekana hata sasa, wakati wewe unahangaika na swali lako, Bwana anakusemea mema mahali usipoweza kusikia.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, unawaona watu wako wanavyongoja kwa imani sikukuu ya kuzaliwa kwa Mwanao. Uinyeshee mioyo yetu mvua ya neema yako kwa wakati wake. Uitie nguvu mikono iliyolegea, uwafariji wafiwa, uwapatanishe ndugu waliotengana, uwalinde wasafiri wote katika barabara zetu, na utujalie furaha ile ambayo ulimwengu hauwezi kuitoa wala kuiondoa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni nyote Dominika njema na maandalizi mema ya Noeli. Tumsifu Yesu Kristo.